Bendi ya Pulp na Wimbo wa Watu wa Kawaida

Jioni ya Jumamosi, tarehe 24 Juni 1995, mbele ya umati mkubwa uliokusanyika katika shamba la ng'ombe huko Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, mwimbaji mmoja alisema jambo kwa maneno ya kawaida, na mara baadaye akasema kinyume chake kwa wimbo. Umati ulishangilia yote mawili kwa nguvu ile ile. Katika kelele za furaha ya namna hiyo, ni wachache wawezao kutambua kuwa maneno na wimbo vimegongana.

Mwimbaji huyo ni Jarvis Cocker, na bendi yake huitwa Pulp. Nataka, msomaji, tuyaweke maneno yake katika kitanga kimoja cha mizani na wimbo wake katika kitanga cha pili, tuone kipi kizito. Usidhani kuwa jambo hili ni la wapenzi wa muziki wa roki wa Uingereza peke yao. Swali lililomo ndani yake lakuhusu wewe uliye darasani leo: je, mtu akitaka jambo kwa moyo wake wote, kutaka kwake kwatosha kumfikisha?

Kabla ya kupima, yatupasa kujua bendi hii ilitoka wapi. Pulp ilianzishwa mwaka 1978 katika mji wa Sheffield. Mwanzilishi wake, Cocker, alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari mwenye umri wa miaka 15. Jina la kwanza la bendi lilikuwa Arabicus Pulp, nalo lilipatikana darasani katika somo la uchumi, kutoka katika orodha ya bidhaa zinazouzwa katika masoko ya dunia. Bidhaa yenyewe ilikuwa kahawa. Msomaji wa Nyeri au Kiambu, ambako kahawa ya jamii ya arabika imepandwa milimani, huenda akatabasamu kusikia kuwa bendi ya kizungu ilipata jina lake kutoka katika zao analolijua tangu utoto. Baadaye jina lilifupishwa, likabaki neno moja.

Sheffield ni mji wa chuma cha pua. Visu na vijiko vya mji huo vilijulikana duniani kwa muda wa karne nyingi. Lakini wakati vijana hawa walipoanza kupiga gita, neema ya mji ilikuwa ikiondoka. Katika miaka ya 1980 viwanda vilifungwa au vilipunguza wafanyakazi kwa maelfu, na mitaa iliyozoea kuamshwa na king'ora cha kazi ikawa na wanaume waliokaa majumbani bila la kufanya. Cocker mwenyewe, alipokuwa kijana, alifanya kazi katika soko la samaki akisugua kaa. Na baadaye, kwa miaka kadhaa, aliishi kwa posho ambayo serikali ya Uingereza huwapa watu wasio na kazi.

Mwanzo wa bendi ulikuwa wa kutia tumaini. Mwaka 1981 John Peel, mtangazaji mashuhuri wa redio ya BBC, alipewa kanda yao, akaisikiliza, akawaalika kurekodi nyimbo kwa ajili ya kipindi chake. Vijana waliona kuwa mlango umefunguka. Haukufunguka. Mwaliko wa pili wa Peel ulikuja mwaka 1993, yaani baada ya miaka 12. Katikati ya miaka hiyo walitoa albamu ya kwanza, It, mwaka 1983, na ya pili, Freaks, mwaka 1987, na wanunuzi walikuwa wachache mno. Wanabendi waliingia na kutoka. Mwaka 1985 Cocker alianguka kutoka dirishani alipokuwa akijaribu kumshangaza msichana kwa mchezo wa kuning'inia. Aliumia, akalazwa hospitali, na kwa muda akawa akiimba jukwaani ameketi katika kiti cha magurudumu. Albamu ya tatu, Separations, ilirekodiwa mwaka 1989 lakini haikutolewa mpaka 1992.

Mtu mwenye haraka angesema kuwa ulimwengu uliwaonea. Mhakiki hana budi kuwa mkweli zaidi. Nyimbo za miaka ile ya kwanza hazikuwa bado na sauti yao wenyewe. Albamu ya kwanza ni laini, imejaa mapenzi ya vitabuni; ya pili ni ya giza na uchungu, kama kwamba mwimbaji ameazima huzuni ya mtu mwingine. Kipaji kilikuwapo, lakini mambo ya kusema yalikuwa bado hayajapatikana. Mvumilivu hula mbivu, walinena wahenga. Lakini tunda huiva kwa jua na mvua pia, wala si kwa kungojewa peke yake.

Jua na mvua vilikuja mwaka 1988, Cocker alipohamia London kusoma filamu katika chuo cha sanaa cha Saint Martins. Angalia jambo moja hapa, msomaji, maana tutalirudia. Wakati ule wanafunzi wa Uingereza hawakutozwa karo ya chuo kikuu. Karo ilianza kutozwa mwaka 1998. Kijana asiye na mali kutoka mji wa viwanda vilivyofungwa aliweza kuingia chuo cha sifa katikati ya jiji kuu. Alipokuwa mbali na Sheffield, ndipo alipoanza kuiona Sheffield. Mapazia ya nyumba za mitaa yake, karatasi za maua zilizobandikwa kutani, vijana wanaopigwa kwa sababu ya mavazi yao, mapenzi ya siri ya alasiri, yote yakawa mambo ya kuimbwa. Alitambua kuwa maisha aliyodhani ni madogo mno kwa wimbo ndiyo yaliyokuwa wimbo wake.

Kuanzia hapo Pulp ikawa bendi nyingine. Russell Senior alipiga gita na fidla, Candida Doyle kinanda, Nick Banks ngoma, Steve Mackey gita la besi, na Mark Webber, aliyeanza kama mpenzi wa bendi mwenye kuongoza chama cha wapenzi wenziwe, akaingia kupiga gita. Cocker huimba kama mtu anayekusimulia habari nyuma ya mlango: hunong'ona, husema, huguna, kisha ghafula hupaza sauti. Maneno yake ni ya mazungumzo. Hayatafuti uzuri wa kishairi. Hutafuta kitu chenyewe, kiwe kabati, kiwe sahani, kiwe kiatu. Albamu yao His 'n' Hers ya mwaka 1994 iliwafanya wajulikane. Na mwezi wa Mei 1995 ukatoka wimbo ambao ndio kiini cha insha hii, "Common People", yaani watu wa kawaida. Ulifika nafasi ya 2 katika orodha ya nyimbo zinazouzwa sana Uingereza.

Habari ya wimbo huo ni fupi. Msichana tajiri kutoka Ugiriki amekuja London kusoma sanaa. Anamwambia msimuliaji kuwa anatamani kuishi kama watu wa kawaida. Msimuliaji anampeleka supamaketi na kumwambia ajifanye hana fedha, msichana anacheka. Kisha msimuliaji anamweleza kuwa hata akipanga chumba kibovu, hata akijifanya hakupata kwenda shule na kutafuta kazi, hataweza kamwe kuishi maisha hayo, maana siku akichoka atampigia baba yake simu, na mambo yote yatakwisha.

Hilo la simu, msomaji, ndilo shina la wimbo. Watu wengi hufikiri kuwa umaskini ni upungufu wa vitu: chakula, mavazi, nyumba. Wimbo huu wasema kuwa umaskini ni kukosa mlango wa kutokea. Tajiri anaweza kulala chini na kula mkate mkavu kwa mwezi mzima, na bado asiwe maskini, kwa kuwa mlango uko nyuma yake wazi. Sijui wimbo mwingine wa namna hii, wa kuchezeka, uliosema jambo zito hivyo kwa wepesi hivyo.

Muziki wenyewe umejengwa kuitumikia fikra hiyo. Sauti za mwanzo ni chache na rahisi. Mtoto anayejifunza kinanda angeweza kuzishika. Cocker anaanza kwa sauti ya chini, karibu na kicheko, kama mtu anayesimulia kisa cha kuchekesha. Lakini ngoma zinaongeza kasi kidogo kidogo, vyombo vinaongezeka kimoja baada ya kingine, na kwa muda wa karibu dakika 6 kicheko kinageuka hasira pasipo msikilizaji kujua ni wapi kilipogeuka. Unapofika mwisho, unacheza juu ya jambo linaloumiza. Hiyo ndiyo sanaa: maana na sauti zimetembea njia moja mpaka mwisho.

Sasa tuende shambani. Tamasha la Glastonbury lilianzishwa na Michael Eavis, mkulima wa ng'ombe wa maziwa, katika shamba lake liitwalo Worthy Farm karibu na kijiji cha Pilton. Tamasha la kwanza lilifanyika tarehe 19 Septemba 1970. Walikuja watu kama 1,500, kiingilio kilikuwa pauni 1, na kila aliyeingia alipewa maziwa ya bure. Bendi kubwa iliyotarajiwa, The Kinks, haikuja. Nafasi yake ilichukuliwa na Tyrannosaurus Rex ya Marc Bolan. Baadaye tamasha lilihamishiwa mwezi wa Juni, mwanzo wa majira ya joto, likakua mpaka likawa mojawapo ya matamasha makubwa kabisa duniani. Watu hupiga mahema malishoni kwa siku kadhaa, wakasikiliza muziki mchana na usiku, na mvua ikinyesha hulala matopeni bila kulalamika. Miaka mingine, kama 1996 na 2018, tamasha halikufanyika ili ardhi ipumzike na majani yaote tena. Mkulima yeyote ataona hekima ya jambo hilo.

Mwaka 1995 bendi iliyopangwa kuongoza jukwaa kuu siku ya Jumamosi ilikuwa The Stone Roses kutoka Manchester. Siku chache kabla ya tamasha, mpiga gita wao, John Squire, alianguka na baisikeli huko California, akavunjika mtulinga. Nafasi ikawa wazi, nao Pulp wakaitwa. Kufa kufaana, wasema Waswahili. Hapa hakufa mtu, lakini mfupa wa mmoja ulivunjika na bahati ya wengine ikaunganika.

Pulp walipanda jukwaani na nyimbo ambazo umati ulikuwa haujapata kuzisikia, pamoja na "Mis-Shapes", "Disco 2000" na "Sorted for E's & Wizz". Hilo lilikuwa tendo la ujasiri, kwa maana mtu aliyealikwa dakika za mwisho kuziba pengo aghalabu hutafuta njia ya salama. Wimbo wa kwanza kati ya hizo umepewa jina la vitamu vilivyopinda umbo kiwandani na kuuzwa kwa bei rahisi, nao wawatetea vijana wanaochekwa kwa sababu hawafanani na wenzao. Wa tatu ulikuwa wa hatari zaidi, kwa kuwa wazungumza juu ya mikutano ya vijana ya kucheza usiku kucha na dawa za kulevya, na juu ya upweke unaomshika mtu alfajiri, umati unapotawanyika na urafiki wote wa usiku kuyeyuka pamoja na umande. Magazeti mengine yaliyoona jalada la wimbo huo baadaye mwaka ule yalidai kuwa wasifia dawa hizo. Aliyeusikiliza hakuweza kusema hivyo. Cocker aliusimamisha wimbo wa kuonya juu ya utupu wa umati mbele ya umati wenyewe.

Kisha, karibu na mwisho, akasema nao. Aliwaambia, kwa maana kama hii, kwamba mtu akilitaka jambo kwa kutosha, litatokea. Kwamba wao wenyewe wamefika hapo baada ya miaka mingi. Na kwamba ikiwa mtu mrefu, mwembamba na mzembe wa umbo kama yeye ameweza, basi nao waweza. Umati ukalipuka. Ndipo vikaanza vyombo vya "Common People", na maelfu ya watu wakaimba kila neno.

Haya ndiyo mambo mawili niliyokuahidi kuyapima. Maneno yalisema: taka, nawe utapata. Wimbo ulisema: wako watu ambao kutaka kwao hakutoshi, kwa sababu hawana mlango.

Tuweke ushahidi mizanini. Je, Pulp walifika jukwaani kwa kutaka? Walitaka tangu mwaka 1978, na kwa miaka mingi kutaka kwao hakukuwapa kitu. Kilichowafikisha kilikuwa vitu vitatu vilivyokutana. Cha kwanza ni bidhaa waliyokuwa nayo mkononi: walipoitwa, walikuwa na nyimbo nzuri na uzoefu wa miaka 17 wa kusimama mbele ya watu, hata mbele ya watu wasiojali. Cha pili ni milango iliyofunguliwa na wengine: posho iliyomlisha mwimbaji asiye na kazi, na chuo kisichomtoza karo. Cha tatu ni bahati tupu, baisikeli iliyoteleza upande wa pili wa dunia. Ukiondoa kimoja, jioni ile haipo. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na kweli Pulp waligaagaa na upwa kwa miaka mingi. Lakini methali hiyo haituambii kuwa kila agaagaaye hupata samaki. Yatuambia tu kuwa asiyekuwapo ufukweni hapati hata akitokea.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: wimbo ulikuwa mkweli kuliko maneno. Simlaumu Cocker kwa maneno yake. Neno la kumtia mwenzio moyo halipimwi kwa rula kama hesabu, na mtu aliyengoja muda mrefu hivyo ana haki ya kushukuru kwa sauti kubwa. Lakini wewe mwanafunzi ukiambiwa kuwa kutaka kwatosha, jihadhari, kwa sababu neno hilo lina upande wa pili uliofichika. Kama kila atakaye hupata, basi asiyepata hakutaka. Wafanyakazi wa Sheffield waliofukuzwa viwandani hawakufukuzwa kwa kukosa kutaka. Wimbo wa Pulp wajua jambo hilo. Hotuba ya Pulp ililisahau kwa dakika moja ya furaha.

Kuna swali jingine ambalo mhakiki hawezi kulikwepa. Watu waliouimba wimbo huo shambani walikuwa ni akina nani? Walikuwa wamelipa kiingilio ili walale chini, wakose maji ya kuoga, wapange foleni ya choo, na Jumatatu warudi nyumbani. Je, hawa si ndugu wa yule msichana wa Ugiriki, wanaocheza mchezo wa dhiki huku mlango wao uko wazi? Shutuma hii imezidi kupata nguvu kadiri miaka ilivyopita. Kiingilio kilichokuwa pauni 1 na maziwa ya bure mwaka 1970 kilifika pauni 373 na nusu mwaka 2025. Watu wa kawaida wanaoimbwa jukwaani si wote wawezao kuufikia uzio wa shamba.

Nimeifikiria shutuma hiyo, nami nakubali nusu yake. Ni kweli kuwa mwenye tikiti ana mlango wa kutokea. Lakini kosa la msichana wa wimbo lilikuwa kudhani kwamba kulala pabaya kwamfanya mtu kuwa maskini. Wengi wa wale wa shambani hawakudhani hivyo; walikuja kusikiliza muziki, na tamasha limekuwa likitoa fedha kwa mashirika ya kusaidia watu kama Oxfam na WaterAid. Tena, wimbo unaomshutumu msikilizaji wake huku ukimfurahisha umefanya kazi ambayo mahubiri hayawezi. Msikilizaji hucheza leo, na kesho, akiwa peke yake, hujiuliza: mimi ni nani katika habari ile, msimuliaji au msichana? Wimbo usiozaa swali hilo ungekuwa umeshindwa. Huu huzaa.

Walakini wimbo una kasoro zake, nami nisingekuwa mwaminifu kama ningezificha. Ya kwanza ni kwamba msichana hapewi nafasi ya kujibu. Ameletwa ili achekwe, akachekwa, akaondolewa. Ya pili ni nzito zaidi. Katika hasira yake, msimuliaji anawaeleza watu wa kawaida kama watu wasio na tumaini wala kusudi, ambao hawana lililobaki ila kunywa na kucheza. Hapo anayewatetea anawapunguza. Sheffield ile ile ilikuwa na vyama imara vya wafanyakazi, na ndiyo iliyouzaa mwaka 1857 mmojawapo wa vilabu vya kwanza kabisa vya mpira wa miguu ulimwenguni. Watu wasio na kusudi hawajengi vitu kama hivyo. Mtu atanijibu kuwa maneno ni ya msimuliaji, si ya mtunzi, na kwamba mwenye hasira hasemi kwa kipimo. Jibu hilo ni zuri, na ni somo jema kwa kila mwanafunzi wa fasihi. Lakini halifuti kasoro yote, kwa kuwa wimbo hauna sauti nyingine ya kumsahihisha msimuliaji.

Yaliyofuata baada ya jioni ile yathibitisha fikra ya mlango. Oktoba 1995 walitoa albamu Different Class, jina lenye maana mbili, maana Kiingereza hulitumia kwa tabaka jingine la watu na kwa kitu kilicho bora kupita vingine. Ilifika nafasi ya 1, na mwaka 1996 ikashinda tuzo ya Mercury. Fedha za tuzo waliwapa War Child, shirika la kuwasaidia watoto wa vitani. Februari ya mwaka huo Cocker alirukia jukwaa la tuzo za BRIT wakati Michael Jackson akiimba, kwa kuona kuwa maonyesho yale yalimfanya mwimbaji aonekane kama mkombozi. Polisi walimhoji wakamwachilia bila mashtaka, na usiku mmoja ukampa umaarufu kuliko nyimbo zote za miaka ya nyuma.

Sasa mwimbaji wa watu wa kawaida alikuwa ametoka kwa mlango. Angeimba nini? Msanii mdogo angeendelea kujifanya maskini, na hapo angekuwa yeye ndiye msichana wa Ugiriki. Cocker hakufanya hivyo, na hili kwangu ndilo thibitisho kubwa la uaminifu wake. Albamu ya mwaka 1998, This Is Hardcore, yazungumza juu ya utupu wa umaarufu, hofu na kuzeeka. Ni nzito, haichezeki kwa wepesi, na wengi waliompenda mwaka 1995 walimwacha. Lakini aliimba kutoka mahali aliposimama kweli. We Love Life ilifuata mwaka 2001, na mwishoni mwa mwaka 2002 bendi ikanyamaza.

Wamerudi jukwaani tangu hapo, na aghalabu katika majira ya joto: mwaka 2011 huko Barcelona, katika kisiwa cha Wight, Reading na Leeds, na kwa ghafula Glastonbury katika jukwaa dogo; tena mwaka 2023, mwaka ambao Steve Mackey alifariki dunia mwezi wa Machi. Marejeo ya namna hii yapasa kutazamwa kwa jicho kali. Bendi nyingi hurudi kuuza kumbukumbu, na wasikilizaji hununua ujana wao wenyewe kwa bei ghali. Matembezi ya 2011 yalikuwa hivyo kwa kiasi kikubwa: yalikuwa mazuri, lakini yaliangalia nyuma.

Mwaka 2025 mambo yalikuwa mengine. Tarehe 6 Juni walitoa albamu mpya, More, ya kwanza baada ya miaka 24, wakaitunukia kumbukumbu ya Mackey. Tarehe 28 Juni, miaka 30 na siku 4 baada ya jioni ile, walipanda tena jukwaa kuu la Glastonbury. Katika ratiba hapakuandikwa Pulp. Paliandikwa Patchwork, jina la kubuni lenye maana ya nguo iliyoshonwa kwa viraka. Miongoni mwa nyimbo mpya walizopiga ulikuwamo "Spike Island", unaochukua jina la mahali ambapo The Stone Roses, bendi ile ile waliyoishikia nafasi, walifanya onyesho lao mashuhuri mwaka 1990. Katika wimbo huo mtu mzima ajiuliza kwa nini amerudi jukwaani, na akiri kwamba huko ndiko alikoumbiwa. Mwishoni walipiga "Common People", na watu waliozaliwa baada ya mwaka 1995 wakauimba pamoja na wazazi wao.

Nimekuchukua mbali, msomaji, kwa habari ya watu wa nchi nyingine na shamba usilolijua. Nimefanya hivyo kwa sababu nyimbo utazisikia maisha yako yote, na nyingi zitakuambia kuwa ukitaka utapata. Usizikatae, maana moyo unahitaji kutiwa nguvu. Ila usiache kuuliza: anayesema ni nani, amesimama wapi, na ni nani aliyemfungulia mlango? Soma kwa bidii kama waliojizoeza miaka 17 kabla hawajaitwa, ili siku mlango ukifunguka usikukute mikono mitupu. Na ukishapita, mkumbuke yule aliyekuwa nyuma yako katika foleni, mwenye kutaka sawa na wewe na pengine zaidi. Usimwambie kuwa hakutaka. Shika mlango usifungike.